Usije ukafungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe

HEBU fikiria, mpenzi msomaji, kwamba umejenga nyumba kwa jasho lako. Mawe umenunua wewe, mabati umenunua wewe, na hata fundi umemlipa bila deni. Siku moja unarudi kutoka kazini na kukuta kufuli jipya mlangoni. Aliyekuuzia kufuli hilo anakueleza kwa upole kwamba nyumba ni yako na vyombo vilivyomo ni vyako, lakini ufunguo ni wake, na ada ya kufunguliwa imepanda.

Bila shaka utapiga nduru. Majirani watakusanyika na huenda chifu akaitwa. Ilhali jambo kama hilo hutendeka kila siku ndani ya kompyuta na simu zetu, na hakuna anayepiga nduru kwa sababu kufuli lenyewe halionekani kwa macho.

Chama chetu kimewahi kupatwa na mkasa huo. Tulikuwa wanachama 22, na kwa miaka mingi mweka hazina aliandika michango yetu katika daftari kubwa jeusi. Ndipo kampuni moja ndogo ikatuuzia programu ya kompyuta ya kuweka hesabu, kwa ada ya kila mwaka. Programu yenyewe ilikuwa nzuri. Ukilipa mchango unapata ujumbe papo hapo, na mikopo ilijijumlisha yenyewe hadi senti ya mwisho. Daftari jeusi likatupwa kabatini.

Mwaka wa tano ada ikapanda maradufu. Tulikutana na kuamua kwa kauli moja kwamba tutaachana na programu hiyo. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na njia ya kuondoka na hesabu zetu. Faili tuliyokabidhiwa ilikataa kufunguka katika programu nyingine yoyote. Ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo programu ile pekee ndiyo iliyoielewa.

Kwa bahati mbaya, wiki hizo hizo mwenzetu mmoja aliaga dunia. Baada ya mazishi mjane wake alikuja kuuliza haki ya marehemu. Akiba yake ilikuwa shilingi ngapi? Mkopo aliochukua alikuwa amemaliza kuulipa? Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Ilituchukua miezi mitatu kukusanya ujumbe wa simu na stakabadhi za benki, tukijumlisha kwa kalamu, huku mjane akingoja na watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Hakuna aliyetuibia. Mkataba tulioutia sahihi ulieleza mambo yote, ila sisi hatukuusoma. Kosa letu lilikuwa moja tu: tuliuliza bei ya kuingia, hatukuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

Makala haya yanahusu mlango huo. Wataalamu huuzungumzia kwa maneno mazito, lakini kwa hakika ni jambo ambalo mama wa nyumbani, mwalimu, mfanyabiashara na mweka hazina wa kanisa wanaweza kulielewa bila kusomea kompyuta.

SOKETI NA MAPISHI

Tazama ukutani pako. Kama una stima, utaona soketi yenye matundu matatu. Umbo lake linafuata kiwango kilichochapishwa nchini Uingereza mnamo 1947. Vipimo vyake vinajulikana, na kampuni yoyote duniani inaweza kutengeneza plagi inayoingia humo. Ndiyo sababu ukinunua pasi mtaa wa Luthuli, Nairobi, huulizi kama nyumba yako ni ya kampuni ile ile iliyounda pasi.

Hicho ndicho kiwango huria. Ni maelezo yaliyo wazi kwa kila mtu, yanayosema jinsi vitu viwili vitakavyokutana na kuelewana. Katika kompyuta viwango vya namna hii hueleza jinsi barua pepe itakavyosafiri, jinsi ukurasa wa intaneti utakavyoandikwa, au jinsi faili ya barua itakavyohifadhiwa.

Sasa ingia jikoni. Unaweza kununua pilau hotelini ukala ukashiba, lakini mpishi akawa hakuambii alichotia. Au unaweza kupewa pilau pamoja na mapishi yake, ukaambiwa: pika, ongeza bizari ukipenda, mpe jirani, hata ukitaka kuuza uza. Programu ambayo mapishi yake yametolewa hivyo ndiyo huitwa programu huria. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu za namna hiyo mnamo 1983. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo unaojulikana leo kama Linux. Kiini hicho sasa kimo ndani ya simu zote za Android na katika seva nyingi zinazoendesha intaneti.

Tofautisha mambo hayo mawili, msomaji, kwa maana watu wengi huyachanganya. Soketi inaeleza jinsi vitu vinavyokutana. Mapishi yanaeleza kilichomo ndani. Programu iliyofichwa mapishi inaweza kufuata soketi ya wote, na ikifanya hivyo hatari yake hupungua sana. Aidha, huria si lazima iwe ya bure. Wapo wanaouza programu huria na kulipwa vizuri kwa kuitunza.

Ushindani unaingiaje hapo? Soketi ikiwa moja kwa wote, muuza pasi hana budi kushindana kwa pasi: inayopasha moto haraka, isiyochoma nguo, ya bei nafuu. Lakini kila kampuni ikiwa na soketi yake, aliyewahi kuziweka nyumba nyingi ndiye mshindi, hata kama pasi yake inachoma mashati. Watu watainunua kwa sababu ndiyo inayoingia ukutani. Huo ndio ukiritimba usiohitaji kumlazimisha mtu kwa rungu.

BARUA ISIYOFUNGUKA

Wasomaji waliotafuta kazi miaka ya mwanzo ya 2000 watakumbuka vibanda vya saiba. Ulichapa barua na wasifu wako, ukauweka kwenye disketi, ukaenda nao kwingine kuuchapisha. Huko faili ikakataa kufunguka, au ikafunguka ikiwa na vijisanduku na alama za ajabu mahali pa jina lako.

Sababu ilikuwa kwamba faili nyingi za barua zilihifadhiwa kwa muundo wa programu ya Word ya kampuni ya Microsoft, ambao wapinzani wake walilazimika kuukisia. Waajiri walitaka faili za Word kwa sababu wenzao walikuwa na Word, na wenzao walikuwa na Word kwa sababu waajiri waliitaka. Kampuni nyingine ingeweza kutengeneza programu bora ya kuandikia barua, lakini nani angeinunua ikiwa haiwezi kusoma barua za watu wengine?

Kampuni ya Sun Microsystems ilinunua programu ya StarOffice mnamo 1999 na mwaka uliofuata ikatoa mapishi yake hadharani kwa jina OpenOffice.org. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa muundo huria wa faili uitwao ODF, ambao uliidhinishwa mwaka wa 2005 na kukubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka wa 2006.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, ndilo lililotia moto mjadala huo. Mnamo Septemba 2005 maafisa wake waliamua kwamba hati za serikali ya jimbo zihifadhiwe kwa miundo iliyo wazi, ODF ikiwamo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: hati ya serikali ni mali ya wananchi, na mwananchi wa miaka mia ijayo hapaswi kuomba ruhusa ya muuzaji yeyote ili aisome. Hebu fikiria hatimiliki ya shamba la babu yako ikihifadhiwa katika faili ambayo kampuni iliyoiunda ilishafunga milango.

Microsoft haikukaa kimya. Iliwasilisha muundo wake mpya nao ukubaliwe kuwa kiwango cha kimataifa. Kulizuka mvutano mkali, na hata ulipopitishwa mwaka wa 2008, mashirika ya viwango ya Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela yalikata rufaa, ingawa hayakufaulu. Hata hivyo mashindano yenyewe yalimfaa mtumiaji. Maelezo ya muundo wa Microsoft yalichapishwa yakaweza kusomwa na wote, na kufikia 2009 programu za Microsoft nazo zilianza kufungua na kuhifadhi faili za ODF. Leo kijana aliye na kompyuta kuukuu anaweza kuandika wasifu wake kwa LibreOffice, programu huria isiyolipiwa, na mwajiri akaufungua bila kujua wala kujali uliandikwa kwa nini.

Kuna faida nyingine iliyotuhusu sisi waja wa Kiswahili. Kwa kuwa mapishi ya OpenOffice yalikuwa wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao hawakuhitaji kumbembeleza mtu. Waliitafsiri programu hiyo na mnamo Desemba 2004 wakaitoa kwa jina Jambo OpenOffice, ikiwa na maelezo ya Kiswahili. Mlango ukiwa wazi, hata lugha inayodharauliwa sokoni hupata pa kuingilia.

MWANAFUNZI ALIYETEGA SIKIO

Si faili tu zinazohitaji kuelewana. Katika ofisi kompyuta huzungumza zenyewe kwa zenyewe, moja ikiomba faili iliyo katika nyingine, nyingine ikituma kazi kwenye mashine ya kuchapisha.

Mwishoni mwa 1991 mwanafunzi wa uzamifu katika jiji la Canberra, Australia, aitwaye Andrew Tridgell, alitaka kompyuta za aina mbili zizungumze. Hakuwa na maelezo ya lugha iliyotumika. Alichofanya ni kutega sikio. Alinasa ujumbe uliopita baina ya mashine, akatazama swali gani hufuatwa na jibu gani, kama mgeni aliyehamia mtaa asioujua lugha yake na kukaa dirishani akisikiliza watu wakisalimiana. Kidogo kidogo akaandika programu iliyojibu ipasavyo. Programu hiyo ilikua ikaitwa Samba, na kwayo kompyuta ya Linux iliweza kuhudumia kompyuta za Windows bila wenye kuzitumia kutambua tofauti.

Lakini kusikiliza dirishani ni kazi ya kuchosha, hasa mwenye lugha akiendelea kuongeza maneno mapya. Mnamo 1998 kampuni ya Sun ililalamika kwa Tume ya Ulaya kwamba Microsoft ilikataa kutoa maelezo ya jinsi seva za kampuni nyingine zingeweza kuelewana kikamilifu na Windows. Wakati huo Windows ilikuwa katika kompyuta nyingi mno, kiasi kwamba seva isiyoelewana nayo ilikuwa haina soko.

Mwezi Machi 2004 tume hiyo iliitoza Microsoft faini ya Euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo hayo. Microsoft ilikata rufaa. Mnamo Septemba 17, 2007 mahakama iliyoko Luxembourg iliunga mkono uamuzi wa tume. Miezi mitatu baadaye, Desemba 2007, waundaji wa Samba walipata maelezo hayo kwa malipo ya mara moja tu ya Euro 10,000.

Zingatia mpangilio wa mambo, msomaji. Ustadi wa mwanafunzi ulifungua dirisha, lakini mlango ulifunguliwa na sheria. Programu huria peke yake haikutosha, na sheria peke yake isingekuwa na wa kumfungulia kama hakungekuwa na watu waliotayari kuingia na kushindana.

FAILI ZA WAGONJWA ELDORET

Huenda ukasema hayo ni mambo ya Wazungu na ofisi zao. Basi njoo Eldoret.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walikuwa wakishirikiana kutibu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kituo cha afya cha Mosoriot, kilichoko kusini mwa Eldoret, kilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa tangu 2001. Lakini dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana, wagonjwa waliongezeka kwa maelfu na mfumo huo ukalemewa.

Mwaka wa 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walizuru Eldoret kutafuta suluhisho. Kutokana na kazi hiyo, iliyowaleta pamoja wenzao waliohudumu Rwanda na Afrika Kusini, ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ikaanza kutumika Rwanda na Afrika Kusini. Baadaye juu yake ukajengwa mfumo wa KenyaEMR, ambao umetumika katika mamia ya vituo vya afya humu nchini.

Kwa nini uhuria uwe na maana kwa mgonjwa? Mtu anayemeza dawa hizi huzimeza maisha yake yote. Rekodi yake inapaswa kuonyesha alianza lini, alibadilishiwa dawa gani, na mwili wake uliitikiaje. Rekodi hiyo inapaswa kudumu kuliko mkataba wa kompyuta, kuliko mfadhili, na hata kuliko kampuni iliyouza programu. Mfumo ukiwa na mapishi yaliyo wazi, fundi mwingine anaweza kuendelea pale mwenzake alipoachia.

Hilo lilipimwa Januari 2025, wakati serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje na miradi mingi ya afya nchini ikakwama. Tuseme ukweli: programu huria hailipi mishahara. Wafadhili wakiondoka, fundi wa kuitunza kompyuta hukosa wa kumlipa na seva inaweza kuzimika. Hata hivyo, hakuna leseni inayoisha muda wala muuzaji wa kudai ada kabla ya kutoa rekodi. Serikali ikipata fedha na wataalamu, ina haki ya kuendelea siku hiyo hiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya kukosa mshahara wa fundi na kukosa ufunguo.

PESA KATIKA SIMU YAKO

Mfano ulio karibu zaidi nawe huenda umo mfukoni mwako sasa hivi.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 na kubadilisha maisha ya Wakenya. Lakini kwa miaka mingi kila kampuni ya simu ilikuwa na kisiwa chake cha pesa. Ukimtumia pesa ndugu aliye na laini ya kampuni nyingine, hazikuingia katika simu yake zikakaa. Alipata ujumbe wenye nambari ya siri, akalazimika kutembea hadi kwa wakala wa M-Pesa kuzitoa, na mtumaji alitozwa zaidi.

Mnamo Aprili 2011 serikali iliruhusu wateja kuhama kampuni ya simu bila kupoteza nambari zao. Ulikuwa mlango wa kutokea, ila mwembamba. Uliweza kuhama na nambari, lakini huduma ya M-Pesa haikuhama nawe. Kwa mama anayepokea karo na kulipwa mauzo ya mboga kupitia M-Pesa, nambari bila huduma hiyo ilikuwa sawa na kuhamishiwa nyumba bila jiko.

Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani iliamuru Safaricom iwaruhusu mawakala wake kuhudumia pia kampuni pinzani. Kisha Aprili 2018 Safaricom na Airtel zikaanza kutumiana pesa moja kwa moja, kutoka simu hadi simu. Ni kweli kwamba M-Pesa imeendelea kuwa kubwa kuliko zote, na hilo si kosa, watu wanaipenda. Jambo la kuzingatia ni kwamba anayebaki leo anabaki akijua kwamba pesa zake zinaweza kuvuka. Mteja anayeweza kuondoka huheshimiwa hata asipoondoka.

HURIA SI MALAIKA

Tusije tukadanganyana kwamba neno huria ni dawa ya kila ugonjwa. Android ni mfano mzuri. Kiini chake ni programu huria, na kwa sababu hiyo kampuni nyingi ziliweza kutengeneza simu za bei nafuu, zikiwemo Tecno, Infinix na Itel zilizojaa madukani kwetu. Ushindani huo umempa mwananchi wa kawaida simu ambayo miaka 20 iliyopita asingeiota.

Lakini duka la programu la Google, ambalo karibu kila mteja hulitaka, si huria. Mnamo Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya Euro bilioni 4.34. Ilisema waundaji simu waliotaka duka hilo walilazimishwa kuweka pia huduma ya utafutaji na kivinjari cha Google, na kwamba walizuiwa kuuza simu zenye Android iliyobadilishwa bila idhini. Mwaka wa 2022 mahakama ilipunguza faini hiyo hadi Euro bilioni 4.125 lakini ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukugawia mapishi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akafunga soko la kuuzia pilau.

Kuna pia suala la utunzaji. Aprili 2014 kuligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyolinda siri za tovuti nyingi duniani. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa miaka miwili. Mapishi yalikuwa wazi kwa kila mtu, lakini kampuni kubwa zilizoitegemea zilikuwa hazichangii chochote cha maana kuitunza. Mali ya wote isipopaliliwa huota magugu.

KABLA HUJATIA SAHIHI

Ni nini basi kinachokuhusu wewe, msomaji, ambaye huna nia ya kwenda mahakama ya Luxembourg?

Siku hizi shule, kanisa, chama, hospitali na hata kijiduka cha mtaa huuziwa programu. Muuzaji atakuja na suti na tabasamu, na atakuonyesha uzuri wa kuingia. Kabla hujatia sahihi, muulize maswali haya matano.

Kwanza, nikitaka kuondoka, nitapewa data zangu zote? Usikubali jibu la mdomo. Liandikwe katika mkataba, pamoja na siku ambazo itachukua na kama kuna malipo.

Pili, nitapewa katika muundo gani? Hesabu zitolewe kwa faili ya jedwali ambayo programu yoyote ya kompyuta inaweza kuifungua. Barua na vyeti vitolewe kwa PDF, ambao ni muundo uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2008, au kwa ODF.

Tatu, naweza kujaribu leo? Muombe akutolee data za mwezi mmoja mbele ya macho yako, kisha zifungue katika kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Ikiwa anababaika, jibu umeshalipata.

Nne, kampuni yako ikifungwa, nani atanihudumia? Ikiwa programu ni huria, fundi mwingine ataweza. Ikiwa si huria, uliza mapishi yake yamewekwa wapi kwa ajili ya siku hiyo.

Tano, mfumo huu unaelewana na ule nilio nao? Programu ya karo isiyoelewana na benki wala huduma ya pesa za simu itamfanya karani kuandika kila kitu mara mbili, na kila mara kosa litaingia.

Hali kadhalika nyumbani. Picha za harusi, za watoto na za wazazi waliotutoka zimo katika simu au katika hifadhi ya kampuni fulani ng'ambo. Tafuta siku moja katika mwaka uzitoe zote na kuziweka mahali unapoweza kuzifungua bila idhini ya mtu. Barua za marehemu mama haziwezi kuandikwa upya.

Kuhusu chama chetu, yule mjane hatimaye alipata haki ya mumewe. Tulipomaliza kujumlisha tulikuta kwamba mkopo ulikuwa umelipwa wote na akiba ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Laiti tungeamini kumbukumbu za vichwa vyetu, tungemdhulumu. Alipopokea fedha hizo hakulaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, ikiwa mambo ya chama huwa hayaandikwi mahali.

Siku hizi yanaandikwa. Mweka hazina anatumia programu nyingine, na kila mwisho wa mwezi anatoa hesabu zote katika faili ya jedwali ambayo kila mwanachama hupata nakala yake na anaweza kuifungua kwa simu yoyote. Na daftari jeusi limetolewa kabatini. Liko mezani katika kila mkutano, likiwa wazi, kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Ukiona nyumba nzuri ya kuingia, msomaji, zunguka kwanza nyuma uone mlango wa kutokea.